Chicano Park, San Diego: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa yeyote anayepanga kwenda Chicano Park, na wa yeyote anayejiuliza ilikuwaje nguzo za daraja zikawa nyumba ya michoro. Tutangulize jambo moja linalowachanganya wageni: bustani hii haina geti, lakini ina wenyewe. Majibu mengi hapa chini yanatokana na hilo.

Iko wapi hasa?

Barrio Logan, mtaa ulio kusini mashariki mwa katikati ya jiji la San Diego, California, karibu na ghuba. Daraja la Coronado, lenye urefu wa kilomita 3.4, linaanzia hapo kabla ya kuvuka maji. Bustani ina zaidi ya ekari 7 na imekaa chini ya daraja, katikati ya nguzo za zege. Magari yanapita juu ya kichwa chako mchana na usiku. Ukija na kundi la wanafunzi, wakusanye karibu na nguzo moja moja. Ukisema ukiwa mbali nao, mvumo wa juu utameza maneno yako.

Chicano maana yake nini? Ni bustani ya watu wenye asili ya Mexico tu?

Chicano lilikuwa neno la dharau kwa Wamarekani wenye asili ya Mexico. Vijana wa miaka ya 1960 wakalichukua, wakalivaa kwa fahari. Si kila Mlatino ni Chicano: Mpuerto Rico au Msalvador ni Mlatino, ila jina hili si lake. Hata miongoni mwa wenye asili ya Mexico wapo wasiolitaka. Kwa hiyo usimwite mtu Chicano kabla hajajiita mwenyewe.

Bustani yenyewe haimbagui mtu. Nguzoni utakutana na Emiliano Zapata, Cesar Chavez, Frida Kahlo, Che Guevara, Bikira wa Guadalupe, miungu ya Wamexica (Waazteki), na bendera za watu mbalimbali. Familia za kila asili huja kula, kucheza mpira na kusherehekea siku za kuzaliwa.

Kwa nini bustani iwekwe chini ya daraja?

Haikuwekwa. Mtaa ulikuwepo, daraja likaletwa juu yake.

Logan Heights, ambayo Barrio Logan ilikuwa sehemu yake, ilikuwa makazi makubwa ya familia za asili ya Mexico tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jeshi la wanamaji na viwanda vya ulinzi vilichukua ufuko, na watu wa mtaa wakapoteza njia yao ya kwenda baharini. Miaka ya 1950 jiji likabadilisha matumizi ya ardhi, viwanda na yadi za magari mabovu vikaruhusiwa kukaa ubavuni mwa nyumba za watu. Mwaka 1963 barabara kuu ya Interstate 5 ikaukata mtaa vipande viwili. Kisha likaja Daraja la Coronado, lililofunguliwa Agosti 3, 1969. Maelfu ya nyumba na maduka yalibomolewa.

Wakazi walikuwa wameahidiwa bustani katika ardhi iliyobaki chini ya daraja. Hiyo ndiyo ahadi iliyokuja kuvunjwa.

Aprili 22, 1970 ilitokea nini?

Asubuhi hiyo Mario Solis, mwanafunzi wa San Diego City College, aliona tingatinga zikisawazisha ardhi ile. Akauliza kinachojengwa. Jibu: kituo cha polisi wa barabara kuu za California, pamoja na maegesho yake. Akaenda kuwaambia wanafunzi wenzake na watu wa mtaa. Kabla siku haijaisha mamia ya watu walikuwa uwanjani, wengine wameshikana mikono kuzizunguka tingatinga, wengine wanachimba mashimo na kupanda maua, minopali (aina ya mpungate) na magei (mmea wa jamii ya mkonge). Bendera ya Aztlán, nchi ya asili ya Wamexica katika masimulizi yao, ikapandishwa kwenye nguzo ya simu.

Uvamizi ulidumu siku 12. Watu waliondoka baada ya serikali kukubali mazungumzo ya kubadilishana ardhi, huku wakiapa kurudi iwapo wangedanganywa. Kipande cha kwanza kilichotengewa fedha kilikuwa cha ekari 1.8 tu. Kilichobaki kilipatikana kwa miaka ya kudai, chini ya kaulimbiu ya kuifikisha bustani hadi kwenye ghuba.

(Msomaji wa Kiswahili ataona kitu hapa ambacho Mwingereza hakioni: tingatinga zilikuja kuchimba, na kilichoota ni michoro.)

Kiingilio ni kiasi gani?

Hakuna, siku yoyote, hata siku ya sherehe.

Nafikaje bila gari?

Panda treni ya mjini, wenyeji huiita Trolley, njia ya Blue, ushuke kituo cha Barrio Logan. Toka, fuata Cesar E. Chavez Parkway ukiipa ghuba mgongo, na baada ya dakika chache utaona nguzo zenye rangi upande wako. Kutoka mpakani San Ysidro ni Blue hiyohiyo moja kwa moja, bila kubadilisha.

Kwa jamaa wa City Heights, ambako wakimbizi na wahamiaji wengi wa Afrika Mashariki wanaishi: chukua basi namba 7 kwenye University Avenue hadi karibu na kituo cha City College, kisha panda Blue inayokwenda San Ysidro. Barrio Logan ni kituo kinachofuata baada ya 12th & Imperial. Kosa la kila siku ni kupanda Orange, kwa sababu treni zote mbili zinapita reli moja kwa vituo kadhaa. Orange inakata kushoto baada ya 12th & Imperial na kukushusha 25th & Commercial, upande wa pili wa barabara kuu. Ukijikuta hapo, usitembee. Rudi kituo kimoja ubadilishe.

Lipa kwa kadi au programu ya PRONTO. Nauli moja inakupa saa mbili za kubadilisha vyombo. Ukilipa taslimu ndani ya basi hupati haki hiyo, na utalipa tena kwenye treni.

Nikija na gari?

Siku za kawaida unaegesha barabarani. Soma kibao cha siku ya kufagia barabara kabla hujafunga mlango. Siku ya sherehe mitaa ya jirani hufungwa. Acha gari kwenye kituo cha Trolley cha mbali kidogo.

Siku gani ni nzuri zaidi kwenda?

Inategemea unafuata nini. Sherehe kubwa ni Chicano Park Day, inayofanyika kila mwaka Jumamosi iliyo karibu na Aprili 22. Kuna ngoma za kiasili zinazoitwa danza, ngoma za majimbo ya Mexico zenye sketi pana, muziki, meza za vikundi vya mtaa, na safu za lowrider: magari ya zamani yaliyoshushwa hadi kukaribia lami, yenye pampu za haidroliki za kuyainua upande mmoja mmoja. Fika kabla ya saa nne asubuhi. Kufikia saa saba mchana huwezi kurudi nyuma hatua tano kuutazama mchoro bila kumkanyaga mtu.

Ukitaka michoro, usiende siku hiyo. Nenda asubuhi ya katikati ya juma. Jua la saa mbili hadi saa nne huingia chini ya daraja kwa ubavu na kuangaza nguzo nyingi. Adhuhuri daraja huziba mwanga, juu panakuwa giza na ukingoni mwanga mkali, na kamera ya simu hushindwa kuchagua.

Michoro iko mingapi, na nianzie wapi?

Zaidi ya 80. Kazi ilianza mwaka 1973 kwenye kuta za barabara zinazopanda darajani, upande wa Logan Avenue: Quetzalcoatl, nyoka mwenye manyoya, na ukuta wa historia wenye sura za viongozi. Anzia hapo. Ndipo uhamie kwenye nguzo.

Tafuta mitatu kwa makusudi. Mmoja ni wa mwaka 1977 wenye maneno "Varrio Sí, Yonkes No", unaopinga yadi za magari mabovu mtaani. Yonke ni neno la Kiingereza lililolainishwa na mdomo wa Kihispania, kama sisi tulivyofanya na gereji. Wa pili ni wa 1978, unaoonyesha uvamizi wenyewe: watu, bendera, majembe. Wa tatu ni wa 1975, uliochorwa na kundi la wanawake wasanii kutoka Sacramento, wakati ambapo majukwaa ya ujenzi yalikuwa yamejaa wanaume. Wengi huupita haraka kwa sababu rangi zake ni tulivu. Wasiupite.

Wazo la kuzigeuza nguzo kuwa turubai lilikuwa la msanii Salvador Torres, aliyekulia mtaani hapo. Wengine waliobeba harakati za bustani ni Victor Ochoa, José Gómez na Josephine Talamantez.

Kwa nini jukwaa la katikati lina umbo la hekalu?

Linaitwa Kiosko. Jiji lilipendelea mtindo wa Kihispania. Kamati ya mtaa ikakataa, ikisema Wahispania ndio waliowatawala mababu zao, na ikachagua umbo la mahekalu ya Wamaya. Ndipo ngoma na hotuba hufanyika.

Rangi inakaaje juu ya zege miaka hamsini?

Haikai yenyewe. Inatunzwa, na mingine imeshachorwa upya. Mwaka 2011 na 2012 ilifanyika kazi kubwa ya ukarabati kwa fedha za serikali kuu kupitia Caltrans, idara ya uchukuzi ya jimbo, na wasanii wa awali walirudishwa kwenye kazi zao.

Adui wa kwanza ni zege lenyewe. Zege jipya ni kali kama magadi na linahitaji siku 28 angalau kabla ya rangi. Rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo hugeuka kama sabuni, inanata, kisha inabambuka. Ndiyo maana rangi za mafuta za kopo, ambazo Edward Saidi Tingatinga alizitumia vizuri Dar es Salaam juu ya mbao za kubanwa, hazifai kwenye nguzo. Tumia akriliki, rangi ya maji yenye plastiki, ambayo pia huacha unyevu utoke.

Adui wa pili ni maji. Huvuja kwenye maungio ya daraja, hupenya ndani ya zege, na yakitoka huleta chumvi nyeupe inayosukuma rangi. Kabla ya kuchora, bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 45 kwa 45 ukutani, ziba kingo zote nne kwa gundi ya utepe, acha saa 16. Ukikuta umande nyuma yake, au zege limekuwa jeusi, usichore. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza. Kuziba uso wa nguzo kwa rangi nzito isiyopumua hakusaidii. Unyevu unabaki ndani na rangi inatoka malengelenge.

Waanzilishi walisafisha nguzo kwa asidi ya muriatiki. Inafanya kazi, kwa kipimo cha sehemu 1 ya asidi kwa sehemu 10 za maji, asidi ikimiminwa ndani ya maji na si kinyume chake, kisha magadi ya kuua ukali na maji mengi. Ila asidi hiyo ina kloridi, na kloridi ikifika kwenye nondo huleta kutu, na kutu huvimba hadi zege linapasuka. Kwa nguzo inayobeba magari, bora brashi ngumu, sabuni laini na maji ya shinikizo dogo.

Baada ya hapo: akriliki ya msingi mikono miwili, mchoro kukuzwa kwa miraba (sentimita 2 kwenye karatasi iwe sentimita 50 nguzoni), kisha rangi. Soma namba za rangi nyuma ya chupa. Nyekundu na njano za oksidi ya chuma, PR101 na PY42, zinastahimili jua kwa miongo. Njano ya bei nafuu kama PY1 hufifia mapema upande wa kusini, na majani ya kijani kwenye picha hugeuka ya buluu kwa sababu njano ndiyo iliyokimbia.

Mwisho weka vanishi inayozuia miali ya jua, na juu yake tabaka la nta dhidi ya maandishi ya wahuni. Nta hutoka na maji ya moto pamoja na maandishi. Kinachosahaulika ni kuipaka tena. Usafi mmoja bila nta mpya, na anayekuja wiki inayofuata na kopo la kupuliza anaandika juu ya mchoro mtupu.

Mimi ni msanii. Naweza kuomba nguzo?

Kuomba unaweza. Kuchora bila ruhusa huwezi, hata kama nguzo inaonekana tupu. Nguzo ni za jimbo kupitia Caltrans, uwanja unatunzwa na jiji, na Chicano Park Steering Committee, kamati ya watu wa kujitolea, ndiyo inayoamua nini kichorwe na nani. Njoo na mchoro wenye vipimo, aina ya rangi, mpango wa jukwaa na maelezo ya uhusiano wako na mtaa. Maombi ya watu wasiojulikana na mtu yeyote pale huishia njiani, na hilo si ukorofi: hawa ni watu walioahidiwa na kudanganywa mara nyingi. Njia ya kweli huanza na kujitolea siku za usafi.

Bustani pia ni kumbukumbu ya taifa. Iliingizwa kwenye rejista ya maeneo ya kihistoria mwaka 2013, na Desemba 2016 ikapewa hadhi ya juu kabisa ya alama ya kihistoria ya Marekani.

Kupiga picha?

Kwa albamu yako, piga utakavyo. Kuziweka michoro kwenye fulana, tangazo au jalada ni jambo jingine: hakimiliki inaweza kubaki kwa msanii ingawa nguzo si yake. Sheria ya California ya 1979 na ya Marekani nzima ya 1990 pia zinawapa wasanii haki ya kupinga kazi zao kuharibiwa. Kabla ya kuwapiga picha wacheza danza, waombe ruhusa, na usikate duara lao ukitafuta pembe nzuri. Kwao ile si burudani, ni ibada.

Ule moshi mtamu ni wa nini?

Ni copal, utomvu wa miti unaochomwa kwenye makaa kutakasa mahali. Neno linatoka Kinahuatl, lugha ya Wamexica: copalli. Wafanyabiashara wa karne ya 19 waliitia jina hilohilo sandarusi yetu ya pwani walipoinunua Zanzibar, ingawa mti ni mwingine. Mwenye pumu akae upande upepo unakotoka.

Mimi ni Muislamu. Nile nini?

Uliza, usikisie. Carnitas na al pastor ni nguruwe. Chorizo mara nyingi ni nguruwe pia. Hatari isiyoonekana ni manteca, mafuta ya nguruwe: yamo kwenye tamale nyingi, kwenye maharage ya kupondwa, na mara kwa mara kwenye chapati za ngano. Sema "¿Lleva manteca?" na "¿Lleva puerco?" Chapati za mahindi kwa kawaida hazina mafuta, lakini kikaango kinaweza kuwa kimoja. Salama zaidi ni matunda yenye pilipili na ndimu, maji ya matunda yaitwayo aguas frescas, na elote: mahindi ya kuchoma au kuchemsha. Ukiagiza elote bila mayonezi na jibini, ni yale yale ya barabarani kwetu, pilipili na ndimu.

Kwa watoto, wazee na wenye viti vya magurudumu?

Uwanja ni tambarare kwa sehemu kubwa na njia zimesakafiwa. Kwenye nyasi magurudumu membamba huzama baada ya kumwagilia, basi baki kwenye njia asubuhi. Bustani imekatwa na barabara zenye magari, kwa hiyo mtoto mdogo ashikwe mkono kutoka kipande kimoja hadi kingine. Kwa mtoto anayesumbuliwa na kelele, leta viziba masikio. Siku ya sherehe ngoma, honi na haidroliki hulia kwa pamoja.

Kuna usalama?

Mchana, kama bustani yoyote ya mjini. Oktoba 2016 gari lilianguka kutoka darajani hadi kwenye watu waliokuwa kwenye shughuli hapo chini, na wanne wakafa. Heshimu maua na mishumaa ukiiona, si mapambo.

Kuna jumba la makumbusho?

Lipo, Chicano Park Museum and Cultural Center, lililofunguliwa Oktoba 2022 kwenye National Avenue, ukingoni mwa bustani. Angalia saa zake kabla hujatoka nyumbani, kwa kuwa hazifanani na za bustani.

Sisi pia tuna daraja mtaani kwetu. Tuanzie wapi?

Kwenye karatasi. Jua ardhi ni ya nani, nguzo ni za nani, na pata kwa maandishi nani atalipia rangi mwaka wa kumi, si wa kwanza tu. Wahandisi watataka kuona nyufa, kwa hiyo kubalianeni mapema sehemu zisizopakwa: maungio, na mahali daraja linapokalia nguzo. Njia za kupita ziwe na upana usiopungua sentimita 91 na mwinuko usiozidi 1 kwa 20. Ukizidi hapo ni rampu, na rampu isizidi 1 kwa 12.

Halafu mimea. Watu hupanda nyasi na miti ya kivuli chini ya daraja, inakufa, wanasema ni kukosa jua. Mara nyingi ni kukosa mvua: sakafu ya daraja ni mwavuli, na udongo wa katikati haupati tone mwaka mzima. Tandaza mabomba ya matone kabla ya kupanda chochote, weka miti kwenye kingo ambako mvua inafika, na sehemu kavu zilizo ukingoni mwa jua zipe minopali na magei, mimea ileile iliyopandwa siku ya kwanza mwaka 1970.